Mlolongo wa Kondoo

Mwaka ule wa ukame, kondoo walikubaliana kumchagua kiongozi kwa mlolongo: kila mmoja asimame nyuma ya amtakaye. Kipaku, jike aliyejua kila chemchemi, aligombea. Pembe, dume mwenye sauti nene, naye akagombea.

Wapiga kura wengi walikuwa majike.

"Moyo wangu uko kwa Kipaku," Mama Pacha alimnong'oneza shoga yake, "ila majike wenzetu hawatampa. Nisimame peke yangu nichekwe?"

"Hata mimi namtaka, shoga. Nangoja nione utakwenda wapi wewe."

Wakaenda kwa Pembe. Wengine walipowaona, wakafuata. Hata mamake Kipaku alijipenyeza humo, macho chini. Nyuma ya Kipaku kilibaki kivuli chake.

Pembe alishukuru kwa hotuba ndefu, kisha akamgeukia Kipaku. "Haya dada, tuongoze tukanywe."

Kipaku akashika njia. Pembe akamfuata, na kundi zima nyuma yao, mmoja mmoja.

Mama Pacha aliutazama mstari ule mwanzo hadi mwisho. "Shoga, si ndio mlolongo tulioutaka asubuhi?"

"Ndio huu huu. Ila kura zimeshahesabiwa."