Fungu la Tahadhari

Kila asubuhi Glenys alikwenda kwenye bwawa la kuogelea la mji, taulo begani, na kuogelea hakujua. Alikuwa amelipa ada ya mwaka mzima. Aliingia mlango wa wanawake, akaoga maji ya moto, akarudi nyumbani nywele mbichi. Mwezi wa Julai, Toowoomba yetu hapa Australia ikiwa na baridi ya kukata masikio, alifika mezani anatetemeka na kumtazama mumewe.

Mumewe, Merv Haddrill, aliogea kwenye sinki la kufulia nguo. Alidai maji ya baridi huimarisha mwili. Bafu lao lilikuwa na ukuta mmoja uchi na bomba lililozibwa kwa tambara. Miaka sita nyuma Merv alibandua vigae vichache aone tu kuna nini, akasema atalimaliza wikendi. Kwetu wanaume wa Toowoomba, wikendi ni siku isiyo na tarehe.

Leo sanduku la Glenys lilikuwa mlangoni.

"Utie sahihi, au mimi naenda Gympie kwa dada yangu Coral," alisema. "Yeye ana mabafu mawili. Na sirudi mpaka hapa pawe na moja."

Merv alimjua mkewe, hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Aliogopa kwelikweli. Akaketi, akavaa miwani, akavuta karatasi ya makadirio. Upande wa pili wa meza, fundi Nerida, aliyepigiwa simu na Glenys kimyakimya, alikuwa anakunywa chai na kikeki cha nazi.

"Dola elfu thelathini na moja," Merv alisoma. "Nerida, mimi nataka kuoga, sitaki kununua bwawa."

"Bwawa tunalo," alisema Glenys. "Nalilipia kila mwaka."

Merv akaanzia juu, kama mwanamume anayejua mambo. "Kubomoa na kutupa taka. Mpaka kubomoa nalipia? Si nusu nimeshakubomolea?"

"Nimeiona, bosi. Hiyo nusu ndiyo iliyopandisha bei."

"Haya, na hapa. Kubandika vigae kunazidi bei ya vigae vyenyewe."

"Vigae havijui kupanda ukutani, bosi."

Sentensi hiyo ilimkera Merv kuliko bei. Akaruka mstari. "Dawa ya kuzuia maji. Kitu chenyewe hakionekani. Nani atajua kama umeipaka?"

"Maji yatajua. Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta. Najua."

"Kwenye methali ni ukuta tu. Hapa ni ukuta, sakafu, na mbao za chini yake."

Glenys alichekea ndani ya kikombe. Merv akahisi shingo inapata moto. Hakutaka kushindwa mbele ya mkewe, tena kwenye meza yake mwenyewe.

"Mimi nimeona kwenye televisheni," alisema, "mtu na mkewe wamemaliza bafu wikendi moja, kwa robo ya pesa hii." Maishani mwake aliwachukia sana watu wa kusema maneno hayo, na sasa alijisikia akiyasema. Kwa kuwa aibu ilikwishaingia, akaongeza, "Tena kuna jamaa mmoja wa binamu yangu. Yeye anafanya kwa nusu."

"Basi mpigie," alisema Glenys. "Anaitwa nani?"

Merv akainamia karatasi. Jamaa huyo hakuwepo duniani.

Ukabaki mstari wa mwisho, fungu la tahadhari, dola elfu nne. Akaugandamiza kwa kidole kana kwamba ungekimbia. "Na hili?"

"La yale tusiyoyaona nyuma ya ukuta. Tusipoyakuta, unarudishiwa pesa yako."

"Kama huyaoni, mimi nalipia nini?"

"Hata mimi niliuliza hivyohivyo nilipoanza kazi," alisema Nerida. "Bosi wangu wa kwanza akaniambia, ukuta wa bafu ni kama mkwe, humjui mpaka umguse."

"Alikuwa anajiona mjuaji."

"Alikuwa fundi mzuri. Hata bei hizi ni zake, sijaongeza kitu," alisema Nerida, akimtazama Merv machoni.

Glenys alisimama, akavaa koti, akafunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini. Alipofika cha shingoni akashika mpini wa sanduku.

"Lete kalamu," alisema Merv.

Akatia sahihi kama mtu anayeuza shamba la babu. Glenys aliisoma sahihi kwanza, hakuwa mjinga, kisha akalibeba sanduku na kulirudisha chumbani. Merv alisikia kabati linafunguliwa na nguo zinatundikwa. Alifurahi mpaka macho yakamlowa, akasingizia mvuke wa chai.

"Tunaanza Jumatatu, bosi," alisema Nerida, akikunja nakala yake. "Naomba tu usogeze pikapu yako pale nje, lori langu lipate kuingia."

Merv akatoka na ufunguo. Akaisogeza pikapu mpaka mwisho kabisa wa ua, kisha akarudi nyuma na kuigeuza, ubavu wenye maandishi uelekee uzio, lori la Nerida likija majirani wasije wakasoma: HADDRILL, MAFUNDI WA BAFU. TUNAMALIZA KWA WAKATI.