Kitenzi cha Bi Mwanasiti

Kila mwanafunzi wa Kihispania alitakiwa kuchagua kitenzi kimoja akiandike ubaoni katika wakati uliopita. Vijana walichagua kununua, kuimba, kucheza. Zamu ikamfikia Bi Mwanasiti, mwanamke mtu mzima aliyeanza masomo wiki mbili tu nyuma.

"Mimi nataka kuosha, Mwalimu."

"Vizuri. Tuseme niliosha vyombo," alisema Mwalimu Chande.

"Si vyombo. Mwanangu Nassoro alifia huko wanakosema lugha hii, akazikwa huko huko. Nimemwandikia mwenzake wa chumba kumuuliza jambo moja: je, alimwosha mwanangu kabla ya kumzika?"

Mwalimu aliiweka chini chaki yake.

"Jibu likija lete, mama. Nitakusomea."

"Mpwa wangu aliyeniandikia barua hiyo kwa Kihispania naye kasema hivyo hivyo. Lakini mtanionea huruma, mtanisomea la kunituliza. Nataka nilisome kwa macho yangu."

Mwalimu akaokota chaki, akaandika polepole kwa herufi kubwa: *Lo lavé*.

"Nilimwosha," alisema. "Ukiyaona maneno haya, ujue alimwosha."

Bi Mwanasiti aliyanakili, akayapitia kwa kidole mara tatu, midomo ikimcheza. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Na kama hakumwosha, ataandikaje?"

Mwalimu aligeukia ubao, lakini mkono haukuinuka. Nyuma yake Bi Mwanasiti alikuwa akingoja, kalamu imegusa karatasi.