Nyaya Laini

Tangu Bi Nyangeta afiwe na mume na kuhamia kwa mwanawe mjini, alikuwa hamsemeshi Mkami, mke wa mwanawe, ila kumwitikia salamu. Mkami aliamini hatakiwi.

Asubuhi moja alimwona mkwewe akihangaika kuzibua kiko chake kwa unyoya wa kuku. Akaenda kwa muuza tumbaku kutafuta nyaya za kusafishia.

"Kuna ngumu zinazokwangua, na laini zenye pamba," muuzaji alisema. "Kiko chenyewe kikoje?"

Mkami hakujua. Alichagua laini, akarudi nazo, akapiga goti kumkabidhi.

Bi Nyangeta alipitisha waya mmoja kwenye mrija. Ukakwama. Akautazama, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu, humu mna masizi ya miaka arobaini! Panataka ngumu hapa. Kesho twende wote nikufundishe kuchagua."

"Ndiyo, mama," Mkami alisema.

"Haya, shika kiko niuvute waya."

Mkami akakaa mkekani, akakishika kiko kwa mikono miwili, na waya ukaanza kutoka taratibu, mweusi tii.