Mtu Aliyetoka Mgodini

Mzee Tranter aliitazama picha kidogo tu, kisha akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Umeipata wapi hii?"

"Hiyo ni nakala," Marie-Claire alijibu. "Yenyewe imetundikwa nyumbani kwetu, Winson Green. Huyo ni babu yangu."

Alikuwa amekuja nyumbani kwake Edgbaston, mtaa wa Waingereza matajiri, kwa ajili ya masomo. Mwaka huo wa 2006 alikuwa anaandika tasnifu juu ya watu walioanzisha kazi ya uhusiano wa umma, na Tranter alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa bado hai. Aliianza kazi hiyo ilipokuwa haina hata jina. Asubuhi nzima alikuwa amemsimulia kwa madaha jinsi alivyowalisha waandishi wa habari mpaka wakasahau maswali yao, na jinsi alivyowafundisha wakurugenzi kutabasamu. Ndipo akaitaja kampuni moja ya kuchimba bati kule Kivu, miaka ya hamsini. Marie-Claire akafungua mkoba.

Picha ilikatwa gazetini. Kijana mwenye taa kofiani anacheka mbele ya mdomo wa mgodi. Maneno ya chini yanasema kwamba maji yalibomoa ukuta wa mgodi, lakini huyu ametoka salama.

Familia ilivuka nayo mipaka kutoka Kivu, imeshonewa ndani ya kitenge. Kwa maana babu hakurudi nyumbani. Alitoka mgodini, gazeti lilisema, halafu hakuonekana tena. Bibi yake Marie-Claire, ambaye wote walimwita Koko, kila alipoulizwa alijibu neno moja: "Atakuja." Naye Albert, baba yake Marie-Claire, mtu mzima mwenye mvi, hadi leo akipishana na mzee Mwafrika madukani Kings Heath hupunguza mwendo na kumchungulia usoni.

"Babu yangu alikwenda wapi, Bwana Tranter?"

Mahali fulani ndani ya nyumba, mtu alifungua bomba. Tranter akaziba masikio kwa viganja, kama mtoto, mpaka maji yalipokatika.

"Mama anayenitunza anadhani ni uzee," alisema. "Nikisikia maji, nawasikia na wao."

"Alikwenda wapi?"

"Picha ile niliipiga mwenyewe, kwa ajili ya kalenda ya kampuni. Maji yaliingia wiki iliyofuata." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Hakuna aliyetoka hai, binti. Wakubwa London walitaka sura moja yenye furaha. Mimi nilikuwa nayo."

"Na mke wake?"

"Tulimpelekea gazeti."

Marie-Claire hakuaga. Ndani ya basi alikaa paji la uso likigusa kioo, na kila alipofumba macho alimwona yule kijana akicheka, asijue anachochekea. Alimfikiria Koko. Ujana wake wote umemwishia akimngoja maiti, akiwakataa wanaume waliomposa, kwa sababu ya uongo wa mtu anayekunywa chai Edgbaston. Moyo wa Koko siku hizi ulikuwa dhaifu. Habari kama hii ingeweza kumuua. Lakini kumwacha aendelee kungoja, hilo nalo Marie-Claire aliliona ni kumzika akiwa hai.

Alimkuta sebuleni, sinia la maharage mapajani, akichambua. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono.

"Koko, nimekutana na mzungu aliyepiga ile picha ya babu."

Koko aliinua macho kutoka kwenye maharage.

"Aliipiga kabla ya ajali. Walikudanganya, Koko. Babu hakutoka mgodini. Alikufa siku ile ile, pamoja na wenzake."

Alingoja kilio. Alikuwa tayari kumdaka asianguke.

Koko aliitoa mikono yake taratibu, akageuka kuutazama mlango wa jikoni. Albert alikuwa huko akiosha vyombo, anaimba wimbo wa kanisani.

"Sema pole pole, mutoto wangu. Papa yako asisikie."

"Lakini Koko, ni lazima ajue! Na wewe pia, miaka yote hii..."

"Walimuleta usiku, kwa mulango wa nyuma," Koko alisema. "Ni miye nilimuosha, tukamuzika usiku ule ule."

Marie-Claire akaketi sakafuni.

"Papa yako alikuwa mudogo sana. Alikataa kula, alikataa hata kusema. Kisha gazeti likafika." Koko akachagua punje moja mbovu, akaiweka pembeni. "Akaona ile picha, akacheka."