Karani wa Kuhesabu Watu

Wario alikuwa akikaanga buni kwenye samli pale mwanawe aliposema kwamba chuoni wametakiwa wachague somo la pili, naye anataka elimu ya jamii.

"Ndiye mnyama gani huyo?"

"Kujifunza watu wanavyoishi, baba. Unawaendea, unawauliza."

"Kumbe umekwenda kusomea ukarani wa kuhesabu watu! Basi baraka yangu hupati."

Aliwajua hao. Karani wa serikali alikuja Minjila kuuliza kila nyumba ina watu wangapi. Nani kwao huhesabu watoto kwa sauti, awaitie kifo? Kila mzee akataja wachache. Wakubwa wakasema watu hawatoshi, zahanati ikapelekwa kwingine, na mama wa kijana huyu akafia njiani na uchungu wa uzazi. Tangu hapo Wario hakulitamka jina la mkewe huyo.

"Yule aliuliza vibaya," kijana akasema.

"Na wewe utauliza vipi, bwana mkubwa?"

Kijana akachukua buni moja, akaitafuna taratibu, kisha samli iliyobaki vidoleni akajipaka usoni, kama mgeni mwenye adabu. Kwao nyumba hujengwa na mwanamke, nayo huwa yake.

"Siulizi wangapi," akasema. "Nauliza, nyumba hii aliijenga nani?"

Wario akatazama fito za dari zilivyopindwa na kufungwa, fundo kwa fundo.

"Qabale," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto.