Maonyo Yaliyotupwa

Damu yote iliyokuwa kwenye friji ya hospitali ilikuwa imeharibika, na fundi wa kompyuta alitaka kujua kwa nini mtambo haukutoa onyo. Aliifungua programu inayofuatilia joto la friji. Mwishoni mwa mstari mmoja alikuta pameandikwa /dev/null.

Masikio yakamwaka moto. Hilo ni faili maalumu la mfumo, halijai wala halihifadhi kitu. Chochote kinachoelekezwa humo hupotea papo hapo. Friji ililalamika wikiendi nzima, na kila onyo likatupwa humo.

"Nani kaandika hivi?" aliuliza.

Mkuu wake hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mimi. Zile jumbe zilikuwa zinanijazia simu. Kelele tupu."

"Kelele? Bosi, kuna mama yuko chumba cha upasuaji anasubiri damu."

"Punguza jazba, dada. Tutasema kipimajoto kilikuwa kibovu. Futa huo mstari, yaishe."

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Mlango ukafunguliwa. Daktari wa zamu akaingia, glavu bado mikononi, akauliza nini kimetokea kwenye friji.

Mkuu akakohoa. "Daktari, kile kipimajoto..."

"Nyamaza," fundi alimwambia, kisha akaigeuza skrini ielekee mlangoni. "Daktari, njoo usome hapa. Na aliyeandika ni huyu."