Kadi ya Nakijwa

Mfumo uliposasishwa asubuhi, kadi iliyo nyuma ya sikio la Nakijwa iliukataa mtandao wa nyumbani, ule unaowafanya mke na mume wasikiane mioyo, ikajiunga na wa jirani yao, Mrutu.

“Ni hitilafu tu, baba Eliza,” alisema Nakijwa.

Elieskia, mumewe, alijua kuwa kadi hujiunga yenyewe pale tu ilipowahi kukaribishwa. Roho ikamuuma.

“Hitilafu imepajuaje kwa Mrutu?”

“Wivu huo utakuua.”

Elieskia akafuta mitandao yote iliyokuwa kwenye kadi. Kadi ikapona, ikamtaka Nakijwa achague upya. Nakijwa hakuchagua, aliendelea kumenya ndizi.

Iliyofutika ilikuwa mitatu: wa Mrutu, wa marehemu mama yake Elieskia uliohifadhi sauti yake, na wa Elieskia mwenyewe, wa miaka kumi na tisa ya ndoa.